Kifua Walichosema Hakina Kitu

Kilichonikalisha chini siku ile ni chafya. Nilikuwa jikoni nachambua maharage ya makande, vumbi la maganda likanipanda puani, nikapiga chafya kama mtu mwingine yeyote. Hapohapo kitu kama msumari wa moto kikanichoma upande wa kushoto wa kifua, karibu na mfupa wa katikati. Nikashika meza. Nikajaribu kuvuta pumzi, msumari ukaingia tena. Nikavuta nusu, ukaniachia. Basi nikakaa kwenye kigoda, napumua vipande vipande kama kuku aliyekimbizwa.

Mume wangu alikuwa nje anakata majani ya ng'ombe. Alinisikia nikimwita Yesu, akaingia na panga mkononi.

"Kuna nini?"

"Kifua."

"Upande gani?"

Nikamwonyesha. Laiti ningemwonyesha wa kulia, labda mambo mengi yasingetokea. Macho yalimtoka, akaliweka panga juu ya maharage yangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona gari limekatika breki, "Mama, huo ni moyo."

Alikuwa dereva wa lori karibu maisha yake yote kabla ya kurudi nyumbani kulima, na njiani ameona watu wengi wakifa ghafla. Mmoja alikuwa utingo wake mwenyewe, alishika kifua akiwa anakunywa chai. Kwa hiyo simlaumu sana kwa dakika zile za kwanza. Namlaumu kwa wiki zilizofuata.

Niseme hapa kwamba mimi na maumivu hatukuwa wageni. Nina baridi yabisi. Si ile ya wazee wanaolalamika goti likishikwa na ubaridi wa mlimani, ni ile ambayo mwili wenyewe unageuka na kuvishambulia viungo vyake. Ilianzia kwenye vifundo vya vidole, ikaenda kwenye viganja, ikashuka hadi nyayo. Asubuhi vidole vyangu huwa vimekakamaa kama kamba iliyolala nje kwenye umande, na jua linaweza kuwa limeshavuka migomba kabla sijaweza kufunga kifungo. Nilikuwa tayari nimepewa vidonge vya kumeza kila wiki, na nilikuwa nashuka kwenye hospitali ya rufaa kila nilipopangiwa. Lakini wote nyumbani, na mimi mwenyewe, tulijua huo ni ugonjwa wa mikono na miguu. Kifua kilikuwa shauri lingine.

Bodaboda aliitwa. Aliyewahi kushuka kwa pikipiki kutoka kwetu hadi zahanati anajua barabara ile ilivyo: mawe, mifereji ya mvua, kona ambayo upande mmoja ni mlima na wa pili ni hewa. Mume wangu alikaa nyuma yangu akinikumbatia ili nisianguke, na mikono yake ilikuwa imekaza palepale panapouma. Kila jiwe tulilopanda lilikuwa ni kelele yangu, na kila kelele yangu ilimfanya akaze zaidi.

"Legeza mikono!" nilisema.

"Utaanguka!"

"Bora nianguke!"

Zahanati walinipima homa, wakasikiliza mapafu, wakasema inaelekea ni kichomi, wakanichoma sindano na kunipa dawa za kwenda nazo. Walimwambia mume wangu pia kwamba kwa usalama tushuke Same nikapimwe moyo, kwa kuwa wao hawana kipimo hicho. Ushauri ulikuwa mzuri, sikatai. Ila kipimo kilisubiri siku ya mtaalamu, na ile subira ndiyo iliyoniletea balaa, kwa maana mume wangu alirudi nyumbani akashika simu.

Kufika kesho yake jioni shemeji zangu walikuwa uani. Mkubwa alikuwa amepanda kutoka Kihurio na gunia la mpunga alioukoboa. Mtu hatembei na mchele wa namna ile kwenda kumwona mgonjwa wa kichomi. Ule ni mchele wa watu wengi. Mdogo alikuja na turubai, akaliegemeza ukutani, akasema amepita nalo tu.

"Shikamoo shemeji," nilimwamkia yule mkubwa kutoka kitandani.

"Marahaba, mama. Usijisumbue kuongea. Pumzika. Mungu yupo."

Akaniangalia kwa huruma iliyonipandisha hasira, halafu akatoka nje kukaa na wenzake. Dirisha la chumba chetu liko juu ya benchi la uani. Mimi ni mzaliwa wa Ugweno, upande wa kaskazini wa milima hii, na lugha ya kwetu siyo ya huku Upare wa kusini. Nilipoletwa kama bibi harusi sikuelewa neno. Ila mtu akipika, akilima, akizaa na kuzika kati ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, anajifunza. Shemeji zangu sijui walifikiri nini. Waligeuza maneno yao kuwa Chasu, lugha ya huku, wakapunguza sauti, wakaanza kujadili nitazikwa wapi.

Mkubwa alisema mke anazikwa kwa mumewe, hilo halina mjadala. Mdogo akasema watu wa Ugweno wanaweza kuleta maneno, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa misimamo na kaka zangu wamemfuata. Mkubwa akauliza pale chini ya shamba la tangawizi pana udongo wa kutosha au ni mwamba. Mume wangu, yule mume wangu niliyemzalia watoto wanne, akajibu kwamba upande wa juu ni mwamba, ila upande wa mfereji unachimbika vizuri.

Nilishuka kitandani. Kushuka kwenyewe kulikuwa kazi, maana kifua kile kilikuwa hakitaki niinuke kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa haitaki kuinua chochote. Nilijiviringisha ubavu kama gogo, nikaweka miguu chini, nikavaa kanga, nikatoka. Nikawaambia kwa Chasu safi, kadiri pumzi ilivyoniruhusu:

"Upande wa mfereji nimepanda mbegu mpya. Atakayechimba pale kabla sijavuna, tutaonana."

Mkubwa alivua kofia, akaitazama ndani kama anatafuta jibu humo. Mdogo akakumbuka kwamba gari la mwisho la kushuka liko karibu kuondoka, akaondoka, ingawa turubai alilisahau. Mume wangu peke yake ndiye aliyesema kitu.

"Rudi ukalale. Utauchosha moyo."

Siku ya kwenda Same tulishuka alfajiri na ukungu. Hospitalini kulikuwa na watu wengi, lakini niliitwa, nikalazwa kitandani, nikabandikwa nyaya kifuani, mkononi na mguuni, nikaambiwa nitulie. Mashine ikatoa karatasi ndefu yenye milima mingi kuliko ya kwetu. Wakapiga na eksirei ya kifua. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na foleni hadi nje ya mlango, aliangalia karatasi, akaangalia picha, akatabasamu.

"Mama, hongera. Moyo wako uko sawa kabisa. Na mapafu safi."

"Ahsante Mungu," mume wangu alisema, na nilimwona ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Hapo nilimsamehe ule mfereji.

"Sasa daktari," nikauliza, "nina nini?"

"Huna kitu, mama. Nenda kapumzike. Ikizidi, rudi."

Ningependa mtu aniambie neno baya zaidi ya hilo kwa mtu anayeumwa. Nilikuwa nimeingia mle nikiwa na moyo unaokufa, nimetoka sina kitu, na msumari uko palepale. Nje kwenye jua kali la Same nilikohoa kidogo kwa vumbi, nikajikunja. Mume wangu akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona ile sura ambayo nilikuja kuizoea kwa watu wengi baadaye. Si ya hasira. Ni ya mtu aliyeambiwa gari ni zima na bado halitaki kuwaka.

"Lakini daktari amesema huna kitu," aliniambia.

"Nimemsikia."

"Basi jitahidi."

Habari ilipanda mlima haraka kuliko sisi. Tulipofika, kila mtu alikuwa anajua kwamba sina kitu. Wiki ileile kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi walinitumia ujumbe kwamba Alhamisi ni palizi shambani kwa mjane mmoja wa jirani, na kwa kuwa nimepona nisikose. Nilikwenda. Nilipiga jembe nusu ya tuta, nikahisi mbavu zinafunguka kama mlango mbovu, nikakaa chini kwenye tuta. Wanawake wenzangu wakatazamana. Mmoja akasema, si kwa ubaya, "Labda ni mawazo, dada. Mawazo yanauma kifua." Mwingine akasema umri, damu ya mwezi ikikatika inapanda kifuani. Wa tatu alininong'oneza kwamba tangawizi yangu imestawi kuliko ya watu wengine, nifikirie vizuri ni nani alipita shambani.

Nilifikiri. Waliopita shambani ni hao hao watatu.

Watu wasipojua maumivu yako ni ya nini, kila mmoja anakupa ya kwake. Vidonda vya tumbo. Presha. Kulala kifudifudi. Kubeba maji kichwani miaka mingi. Dada yangu mkubwa, ambaye anauza chakula pale Hedaru barabarani, mahali mabasi na malori yanaposimama, alinipigia simu akaniamuru nishuke kwake. Yeye hana shaka na jambo lolote. Nilimkuta amesimama juu ya sufuria la supu, mwiko mkononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ni gesi."

"Hujaniuliza hata panauma wapi."

"Kifuani, si ndiyo? Gesi. Madereva wote wanaokula hapa wana gesi. Unajua dawa yake?"

Nilijua atakachosema. Nilitamani asiseme.

"Tangawizi. Ichemshe nzito, kunywa asubuhi na jioni."

"Dada, mimi nalima tangawizi. Ninayokunywa mimi kwa mwezi inaweza kujaza hilo sufuria."

"Basi huichemshi vizuri."

Alinichemshia yeye. Nilikunywa, kwa sababu ni dada yangu na kwa sababu kubishana kunahitaji pumzi. Ilinikereketa kooni, nikakohoa, na kile kikohozi kilinifanya nishike nguzo ya kibanda machozi yakinitoka, mbele ya abiria wa basi zima waliokuwa wanakula. Dada akaniegemeza kwake, akanifuta uso kwa upindo wa kanga. Akaniambia polepole, "Kumbe unaumwa kweli." Sijui kama aliwahi kusema neno lililonifariji zaidi ya hilo, na sijui kama aliwahi kuniudhi zaidi. Kwani alidhani nimeshuka mlima wote ule kwa ajili ya nini?

Nyumbani maisha yaliendelea kwa namna ya ajabu. Nilijifunza vitu ambavyo mtu mwenye afya havifikirii. Kucheka kunatumia mbavu. Kujigeuza kitandani kunatumia mbavu. Kuvuta mlango uliovimba kwa mvua, kukamua nguo, kumkumbatia mjukuu anayekuja mbio, kuimba tenzi kanisani, vyote vinapita kifuani. Nilianza kukwepa watu wanaochekesha. Mume wangu alikuwa amegawanyika: siku nilipokuwa na nafuu alisema si unaona, huna kitu; siku iliponizidi aliamka na kuweka sikio lake mgongoni mwangu kusikiliza kama moyo unapiga. Nilimwambia achague moja. Hakuchagua.

Tarehe yangu ya kliniki ya viungo ilipofika, nilikwenda kwa ajili ya vidole, kama kawaida. Sikuwa na mpango wa kutaja kifua. Nilishaambiwa sina kitu na mtu aliyeona picha, sasa nianze tena? Mume wangu alinisindikiza, akakaa kwenye kiti cha pembeni na kofia yake magotini.

Daktari wa siku ile alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, umri wa binti yangu wa kwanza. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alishika vidole vyangu kimoja kimoja, akaviminya, akaniuliza asubuhi vinachukua muda gani kulainika. Nikamwambia siku hizi vinachukua muda mrefu kuliko zamani. Wakati anaandika nikajinyoosha kidogo kwenye kiti, nikaguna. Kalamu ikasimama.

"Hapo unaguna nini?"

"Ah, kifua tu. Walishapima. Sina kitu."

"Walipima nini?"

Mume wangu akajibu kwa niaba yangu, kwa fahari, kana kwamba ule moyo ni wake. Nyaya, karatasi, eksirei, vyote safi. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akasema walifanya vema sana kuanza na moyo, kwa sababu kifua kikiuma moyo ndio unaangaliwa kwanza, na wenye ugonjwa kama wangu wanapaswa kuuangalia moyo zaidi ya wengine. Kisha akasogeza kiti, akaniomba ruhusa, akaweka kidole kimoja pembeni ya mfupa wa kidari, akabonyeza.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika geti la nje.

"Unamuumiza!" Mume wangu alikuwa ameshasimama, kofia imeanguka.

"Samahani baba. Nilikuwa natafuta hapo." Akabonyeza chini yake kidogo, nikaruka. Upande wa kulia nako nikaruka, ingawa kidogo. Hata sikujua kulia nako kunauma. "Mama, unajua kidari cha kuku? Pale mwishoni pana kile kitu cheupe kinachotafunika, si mfupa wala si nyama?"

"Gegedu."

"Hilohilo. Mbavu zako zimeungwa na mfupa wa kidari kwa gegedu. Hapo ni kiungo, kama vidole vilivyo viungo. Unapopumua kinacheza. Ugonjwa ulioko kwenye vidole umevimbisha na hapa. Moyo wako ni mzima, mapafu ni mazima, na bado kifua kinauma. Vyote viwili ni kweli."

Mtu anaweza kufikiri nilifurahi. Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Miezi yote ile, mchele wa Kihurio, turubai, tangawizi ya Hedaru, mawazo, uchawi, na kumbe ni ugonjwa uleule ambao tayari nina dawa zake kwenye kabati.

"Umepandaje mpaka kifuani?" mume wangu aliuliza, kama anayedai maelezo kutoka kwa mtu aliyevuka mpaka wa shamba.

"Haukupanda, baba. Ugonjwa huu haukai sehemu moja. Unatembea na mwili mzima." Akanigeukia mimi. "Kwa nini hukusema mara ya kwanza kilipoanza?"

"Hapa mnaniuliza vidole," nilimwambia. "Kule wanauliza moyo. Vidole vyangu vina daktari, moyo wangu una daktari. Mimi nilikuwa sijapata wa kwangu."

Hakuchukia. Alisema ni kweli, na kwamba kuanzia siku ile nikija nimwambie kila mahali panapouma, hata kama nimeshaambiwa hapana kitu. Aliniongezea dozi ya dawa ya wiki, akanipa na ya kutuliza uvimbe ya kumeza kwa muda mfupi baada ya chakula, akanionyesha jinsi ya kujinyoosha taratibu na jinsi ya kuweka kitambaa cha maji ya moto pale panapouma. Akanipa na sharti la kurudi kupimwa damu. Akamwambia mume wangu asinibane kifua nikipanda pikipiki. Sikumwambia mimi jambo hilo. Sijui alilijuaje, labda alishaona wake wengi na waume wengi.

Dawa haikufanya muujiza. Ilichukua muda, na msumari ukawa mwiba, mwiba ukawa kidonda cha kawaida ninachokikumbuka nikikohoa. Siku nyingine unarudi msumari, hasa msimu wa mvua na ukungu, au nikijisahau nikanyanyua ndoo. Ila sasa najua ni nini, na kujua kunapunguza nusu. Hofu nayo ilikuwa inabana pumzi, kwa kiasi ambacho sikukifahamu mpaka ilipoondoka.

Kilichobaki kuniudhi ni mume wangu kugeuka mtaalamu. Alirudi mlimani na neno jipya, na hakulirudisha mfukoni. Watu walipouliza mkeo ana nini, alijibu kwa utulivu wa daktari, "Ana gegedu." Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila mtu ana gegedu tangu kuzaliwa, lakini kijiji kizima kilinipa pole ya kuwa nalo. Bibi mmoja alinishika mkono baada ya ibada, akaniambia dada yake naye alikufa na gegedu. Nilifungua mdomo nimwelekeze, nikaona foleni ya wanaosubiri kunipa pole nyuma yake, nikasema ahsante bibi.

Na kikundi cha tangawizi, baada ya kuelewa kwamba kweli siwezi jembe kwa siku nyingi, walikaa kikao bila mimi. Wakaamua kwamba mtu asiyeweza kulima lakini anajua kusema anafaa kuwa mwenyekiti. Nilikataa. Nikaeleza kwamba kukaa muda mrefu kwenye kiti cha plastiki kunaniumiza kifua kuliko kupalilia. Wakanipigia makofi kama vile nimetoa hotuba ya kukubali.

Kikao chetu cha mwisho kiliendelea hadi kiza kinaingia, watu wawili wakigombania zamu ya maji, nami katikati nikiwaomba wasinichekeshe na wasinikasirishe, kwa sababu vyote viwili vinapita palepale. Hawakunisikiliza. Nilirudi nyumbani nimeshika ubavu, nikamwambia mume wangu aweke maji jikoni ya kulowesha kitambaa, na asiniulize kikao kilikwendaje.

Aliweka maji. Kisha akauliza.